KAMBA YA MTUMBWI SI KAMBA YA KUPANDIA MTI



Karatasi hii yetu imekwisha kusema habari za madereva, za wapishi wa shule, za walinzi wa usiku, na za kina mama waanikao omena ufukoni. Habari zetu sisi wakata miti hazijaandikwa hata mara moja. Labda ni kwa sababu tu wachache. Labda ni kwa sababu kazi yetu haina kibao wala geti ambalo mtu aweza kusimama mbele yake akapiga kelele. Leo tuko nyuma ya kanisa, kesho tuko kando ya barabara ya Magunga, keshokutwa tumechukuliwa kwa lori mpaka Mbita. Lakini safari hii siwezi kunyamaza, na Katibu amenipa kurasa, kwa sharti kwamba niseme wazi bila ya kumtaja mtu kwa jina. Sharti hilo nimelikubali. Wenyewe watajijua.

Wengi hudhani kwamba kukata mti si kazi ya ufundi. Husema, "Mti hupigwa shoka, ukaanguka, basi." Asemaye hivyo amekata mti shambani, mahali ambapo mti una nafasi ya kuanguka utakako. Sisi hatuitwi huko. Sisi huitwa pale ambapo mti hauna pa kuangukia. Mkaratusi uliopandwa na babu umeinamia mabati ya darasa. Mkuyu, yaani ng'owo, umepasuliwa katikati na upepo wa ziwa, na nusu yake yaning'inia juu ya jiko la mama mjane. Mjakaranda umepenyeza matawi yake katika nyaya za stima. Mti wa namna hiyo hauangushwi. Huteremshwa. Mtu hupanda juu, na pawa yaning'inia kiunoni mwake, akaanza kukata toka kileleni kipande baada ya kipande, na kila kipande hufungwa kamba kikashushwa polepole na wenzake walio chini. Gogo la mkaratusi mbichi lenye urefu wa mita 2 na unene wa sentimita 30 huwa na uzito wa kilo 140 hivi, karibu mifuko mitatu ya saruji. Fikirini mifuko mitatu ya saruji ikikatika ghafula juu ya kichwa cha mtu aliyeshika kamba, asiye na kofia ila ya kitambaa aliyopewa wakati wa uchaguzi.

Na kazi hii haipungui, yaongezeka. Tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka 2015, nguzo za stima zimefika mpaka vijiji vya milima ya Gwassi, na kila penye waya pana mti unaotaka kuugusa. Nyumba za nyasi zimekwisha, sasa ni mabati, na mabati huogopa tawi. Barabara zapanuliwa. Shule zaongeza madarasa. Basi msituambie kwamba hakuna kazi na ndiyo maana hakuna pesa. Kazi ipo, na sisi twaifanya. Pesa nazo zipo, ila hupita juu ya vichwa vyetu kama korongo wanaokwenda Ruma.

Sasa niseme jambo lililonifanya nishike kalamu.

Asubuhi moja mwaka huu tulikuwa watu watano, chini ya kontrakta mmoja ambaye ana kazi nyingi upande wetu huu. Mti ulikuwa mkaratusi mrefu, umesimama kati ya nyumba mbili. Tulipouliza habari ya kamba, nyapara alitwambia kwamba kamba ya kupandia imekatika wiki iliyopita, na nyingine yatoka Kisumu, haijafika. Tukasema, basi tungoje. Akasema mwenye mji amelipa nusu, na lori la magogo limekwisha agizwa. Akapanda boda akaenda ufukoni, akarudi na kamba mpya ya plastiki, ile wanayofungia mitumbwi, yang'aa kama nyoka. "Hii yavuta mtumbwi wenye injini na samaki ndani," akasema, "itashindwa na mtu mmoja?"

Ndugu, lisikilizeni neno hilo vizuri, kwa maana limo kosa lote. Kamba ya mtumbwi ni nzuri kwa mtumbwi. Yaelea juu ya maji, haiozi kwa maji, na bei yake ni ndogo. Lakini plastiki ile haipendi joto. Ikisuguana na kamba nyenzake au na gome chini ya uzito, huyeyuka. Kamba ya mpanda miti hufumwa namna nyingine kabisa, tena huandikwa uzito wake, hukaguliwa kila siku kabla ya kupanda, nayo haitumiki kushushia magogo. Kamba ya mtu ni ya mtu, na kamba ya gogo ni ya gogo. Hiyo ni sheria ya kwanza ya kazi yetu, na kila mzee wa kazi aijua.

Siku ile kamba ilikuwa moja. Nusu yake ikawa ya mtu, nusu ikawa ya gogo. Mwenzetu akapanda. Alikata matawi kwa muda wa saa moja, na mambo yakaenda sawa. Gogo la tatu kutoka juu liliteremka haraka kuliko ilivyotakiwa, kamba ya gogo ikapita juu ya kamba ya mtu, ikasugua. Tuliokuwa chini tulisikia harufu kabla ya kuona kitu, harufu ya mfuko wa nailoni uliotupwa motoni. Nilipiga kelele. Alinitazama.

Alianguka kutoka mita 8. Mtu aangukaye toka mita 8 hufika chini kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Ni kama kugongesha pikipiki ukutani, ila pikipiki ina breki. Pawa ilianguka upande wa pili na kuzimika, na hiyo ndiyo bahati pekee ya siku ile. Hakufa. Nyonga imevunjika, na mfupa wa mgongo umepata ufa. Tulimlaza juu ya mlango wa choo tuliong'oa, tukampakia katika probox, na njia nzima alikuwa akiuliza kama gogo lilivunja bati la watu.

Hospitalini kontrakta ndiye aliyejibu maswali. Aliandikisha kwamba mgonjwa alianguka nyumbani kwake alipokuwa akikata kuni. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunaniuma hadi leo zaidi ya jambo lolote. Baada ya siku nne alifika nyumbani kwa mwenzetu na kilo 3 za sukari, majani ya chai, na shilingi 2,000, akamwambia mkewe kwamba hiyo ni huruma tu, kwa sababu kwa kweli bwana yule hakuwa mfanyakazi wake, bali ni fundi aliyeelewana naye mti kwa mti.

Hapo ndipo natia kidole changu. MTI KWA MTI. Maneno hayo matatu ndiyo matajiri wanayoyatumia kututoa katika kila sheria ya nchi hii. Haya, tuyatazame. Pawa ni ya nani? Ni ya kontrakta. Nani amesema kazi ianze saa moja asubuhi? Ni nyapara wa kontrakta. Nani amepatana bei na mwenye mti, akapokea pesa, akaamua kwamba mti huu ukatwe leo na si kesho? Sisi hata jina la mwenye mti hatukulijua. Fundi gani huyo asiyejua bei ya kazi yake mwenyewe? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaijua sana kazi ya kulipwa kwa kipande, imeitaja kwa jina, na yasema mwenye kuifanya alipwe kama mfanyakazi yeyote. Kulipwa kwa mti hakumfanyi mtu awe kampuni.

Na tutazame malipo yenyewe. Mti ule, kama nilivyoambiwa baadaye na mwenye mji, ulipatanwa kwa shilingi 18,000. Mpandaji alikuwa apewe 1,000. Sisi wanne wa chini tulikuwa tupewe 400 kila mtu. Jumla yetu ni 2,600. Magogo nayo yaliuzwa kuni na mbao, hesabu yake sikuoneshwa. Nakubali kwamba petroli ina bei, lori lina bei, na pawa yachakaa. Hata ukiyaweka hayo yote kando, hesabu ile yanuka.

Tena wako wenzetu ambao huchukuliwa kwa miezi, katika kazi za kusafisha njia za nyaya. Hao huitwa vibarua mwaka hadi mwaka. Sheria yasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huyo si kibarua tena, ni mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Ni kifungu cha 37, mtu akisome. Matajiri wamekisoma kabla yetu, na ndiyo maana ikifika siku ya 25 au 26 huambiwa, "Nendeni mkapumzike, mrudi Jumatatu." Mapumziko hayo si huruma. Ni hesabu.

Halafu kuna makato. Mnyororo wa pawa ukikatika, wakatwa mshahara. Msumari ukiwa ndani ya mti, uliopigwa na mtu wa zamani aliyefunga waya wa nguo, ukavunja meno ya mnyororo, wakatwa wewe. Sheria yasema tajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Je, ni nani miongoni mwetu aliyeutafuta msumari makusudi? Kijana mmoja wa kwetu alifanya kazi siku sita akarudi nyumbani na deni. Alikuwa amelipa pesa kwa haki ya kufanya kazi.

Nije kwenye kima cha chini cha mshahara, maana hapa serikali nayo ina la kujibu. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 lilitoa nyongeza ya asilimia 6. Kwa agizo hilo, kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa na Kisumu aliwekewa shilingi 16,113 na senti kwa mwezi, bila ya posho ya nyumba. Wa sehemu nyingine zisizokuwa miji mikubwa wala manispaa za zamani, ndiyo sisi wa Sindo, aliwekewa shilingi 8,596. Husemwa kwamba maisha ya mashambani ni rahisi, na kwamba mtu ana shamba lake na samaki wake. Haya. Unga wa kununua wapanda lori kutoka huko huko mjini, na nauli yake twailipa sisi. Lakini tuuache unga. Naulizia mti. Mkaratusi wa Sindo ni mfupi kuliko wa Nairobi? Mtu akianguka hapa, huanguka nusu? Stima ya volti 33,000 ikipita hapa, hupunguza ukali kwa kuwa ni mashambani?

Wala jambo hilo halikomi kwenye mshahara. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007, ile iitwayo WIBA, yaweka hesabu ya ulemavu wa kudumu juu ya msingi wa mapato ya miezi 96. Chukueni kalamu. Kwa mshahara wa 8,596, miezi 96 ni shilingi 825,216. Kwa mshahara wa 16,113, ni shilingi 1,546,848. Uti wa mgongo ni ule ule. Anayeumia Sindo hulipwa kama nusu mtu, na hapo ni kama akilipwa, maana wengi wetu hatujaona hata ile nusu. Tumeona sukari.

Sasa nisikilizwe vizuri kuhusu sheria hii ya fidia, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza haki yetu kwa kutojua. Mtu akiumia kazini, mwambieni tajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi, bora kwa maandishi. Tajiri ana siku saba za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na kama mtu amekufa, ana saa 24. Dai la fidia lapaswa kupelekwa kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Miezi 12, ndugu zangu. Matajiri hujua kuhesabu miezi hiyo. Ndiyo maana huja na maneno matamu, "Tungoje apone kwanza, mambo haya ni ya kifamilia." Mwaka ukiisha, familia nayo yaisha. Zamani wako mawakili waliosema sheria hiyo haiwezi kusimama, kesi ikaenda miaka mingi, lakini Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba yasimama. Basi mtu asidanganywe kwamba mambo hayo bado yangali mahakamani.

Na tajiri anatakiwa awe na bima kwa ajili ya jambo hilo. Anajibu, "Si mna SHA?" SHA iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024 ni ya matibabu. Haitii unga katika chungu cha mtu ambaye hatapanda tena. Tena mchango wa SHA ni wetu sisi wenyewe, sasa tajiri ataka kutulipa fidia kwa pesa zetu.

Tuje kwenye vifaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema ni wajibu wa tajiri kutoa na kutunza mavazi na vifaa vya kujikinga vinavyofaa kazi yenyewe. Haikusema gambuti za mitumba. Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mwongozo wake wa usalama wa kazi za misitu mwaka 1998, na humo vifaa vya mtu wa pawa vimetajwa kimoja kimoja: kofia ngumu, kinga ya macho, kinga ya masikio, glavu, viatu vya usalama, na suruali ya kuzuia msumeno. Suruali hiyo wengi wetu hatujaiona. Ndani yake mna matabaka ya nyuzi ndefu. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hutoka na kuzonga gurudumu la pawa, ikasimama kabla ya kufika kwenye nyama. Sisi twavaa jinzi iliyochanika. Mnyororo wa pawa hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde moja, hauna habari ya jinzi.

Na masikio. Pawa hupiga kelele zaidi ya desibeli 100. Kanuni za nchi yetu zaweka mpaka wa 90 kwa kazi ya saa nane. Wazee wa kazi hii mnawajua. Ukiwasalimu hujibu swali ambalo hukuuliza. Watu hucheka. Mimi sicheki tena, kwa maana mwaka huu nimeanza kumwomba mke wangu arudie maneno. Kuna na vidole: mtikiso wa pawa kwa miaka mingi huua damu katika ncha za vidole, vikafa ganzi wakati wa baridi ya asubuhi, na mtu akashindwa kufunga kifungo cha shati. Hakuna ajali hapo, hakuna siku ya kuandika. Sijamwona bado mtu wa kwetu aliyelipwa kwa hilo.

Juu ya stima nitasema kidogo tu, lakini kwa ukali. Tawi bichi lenye umande hupitisha stima. Si lazima uguse waya. Kwenye laini kubwa hata kuukaribia kwatosha. Hapapandwi mti ulioegemea laini mpaka mwenye laini amezima na amehakikisha kwamba imezimwa, na si nyapara kupiga simu akasema, "Wamesema watazima." Ukisikia maneno "wamesema", shuka.

Najua majibu ya makontrakta, nimeyasikia yote. La kwanza ni kwamba vifaa ni ghali. Ni kweli, ni ghali. Pawa pia ni ghali, na wameinunua. Lori ni ghali, na wamelinunua. Kitu kilicho ghali hununuliwa kikiwa chaleta pesa. Kilicho ghali kikiwa chaokoa mguu wa mtu mwingine, hapo ndipo Kisumu huwa mbali.

La pili ni kwamba wateja wa Sindo ni maskini. Hapa nataka niwe mwadilifu. Mama mjane mwenye tawi juu ya jiko hawezi kulipa bei ya Nairobi, na sisi wenyewe tumemkatia wengine bure, tutaendelea. Lakini kazi nyingi si za mama mjane. Ni za shule, za makanisa, za barabara, za kaunti na za laini, na kazi hizo huandikwa katika zabuni zenye mihuri. Kama katika zabuni kuna mahali pa kuandika petroli, kuwe na mahali pa kuandika kamba. Na wanaotoa kazi hizo waombe kuona cheti cha bima ya wafanyakazi kabla ya kutia sahihi. Si kazi ngumu. Ni karatasi moja.

La tatu ni kwamba tukipewa vifaa hatuvivai. Hili latuuma kwa sababu lina ukweli. Wako kati yetu wanaosema kofia yaleta joto, au mkanda ni wa waoga, au mwanamume hupanda kwa mikono yake. Wako wanaopitia kwa muuza chang'aa kabla ya kupanda, ati kuondoa kizunguzungu. Nawauliza hao: mmemtendea nani ujasiri? Nyapara huwashangilia mkiwa juu, na mkiwa chini huandikisha kwamba mlikuwa mkikata kuni. Tena mtu akipanda bila mkanda humharibia mwenzake aliyekataa, kwa sababu kesho mwenzake huambiwa, "Fulani alipanda, wewe waogopa nini?" Na hivyo hivyo kwa bei. Sisi tukisema mpandaji asipande kwa chini ya kiasi fulani, na mtu akatokea Sori au Karungu akapanda kwa mia tano, basi kontrakta hahitaji kutupiga. Tumejipiga.

Ng'ambo ya maji, Rusinga, amezikwa Tom Mboya. Wengi hupita pale kama watu wa kutembea, wakapiga picha. Baba yake alikuwa nyapara katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, nalitaja hilo ili manyapara wetu wajue kwamba njia ya kutubu ipo, japo kwa watoto. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, na wengi wao walikuwa watu wa kibarua, wa leo hapa kesho pale, kama sisi. Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alikwenda Mombasa kusimama kati, na mwisho walipata nyongeza ya asilimia 33. Matajiri wa wakati ule nao walisema vibarua si wafanyakazi hasa. Makuli hawakubishana juu ya maneno. Meli zilikaa na mizigo yake.

Sisi hatuna meli. Lakini mti ulioinamia darasa wakati mvua za masika zakaribia si mdogo kuliko meli kwa mwalimu mkuu, na laini iliyofunikwa na matawi si ndogo kwa mwenye laini. Tukiwa watu kumi na wawili tujuao kupanda, kutoka Mbita mpaka Magunga, na kumi na wawili wakasema neno moja, hakuna wa kumi na tatu. Kazi hii haijifunzwi kwa wiki moja.

Kwa hiyo tumekutana chini ya mwembe, watu tisa, na tumekubaliana haya. Hapana mtu atakayepanda kwa kamba ya mtumbwi, wala kwa kamba moja ya mtu na gogo. Hapana atakayepanda peke yake bila ya mwenzake chini anayejua kupanda, ili mtu akikwama juu pawe na wa kumfikia. Bei ya mti itatajwa mbele yetu sote kabla ya pawa kuwashwa. Na kila mtu anunue daftari la shilingi thelathini, aandike kila siku: tarehe, mahali, jina la aliyemwita, saa za kazi, pesa alizolipwa, na nani alikuwapo. Ujumbe wa M-Pesa usifutwe, ndio ushahidi. Kontrakta akisema "simjui huyu", daftari litamjua.

Kuhusu mwenzetu aliyeanguka: bado amelala, na daktari hajasema kama atatembea bila ya magongo. Tangu siku ile miezi minne imepita, imebaki minane. Mimi nimekwisha andika maelezo yangu niliyoyaona kwa macho, pamoja na yale ya hospitalini niliyoyanyamazia, nikatia sahihi na namba ya kitambulisho. Wawili kati ya wale wanne wametia sahihi. Wa tatu aogopa kukosa kazi, nami simlaumu, ila namngoja. Mke wa mgonjwa amekwisha pewa fomu ya kuarifu ajali, na Katibu atakwenda naye Homa Bay. Kontrakta ameitwa kwa barua ajaze sehemu yake. Hajajibu. Wiki iliyopita alinipigia simu, ana mti mwingine karibu na soko, mkubwa kuliko ule. Nilimuuliza kama kamba imefika kutoka Kisumu. Akakata simu.

Mti huo bado umesimama. Atakayeitwa kuupanda aje kwanza aone ile kamba. Ninayo nyumbani, kipande cha mita tatu, ncha yake imeyeyuka ikawa ngumu kama ukucha.

Ni mimi mwenzenu,
MPANDA MITI, Sindo